Kigiriki cha Mkaanga Viazi Karai

Jumatatu, 4 Agosti
Viazi vimekwisha kabla ya adhuhuri. Gede nzima hakuna mkono kama wangu. Sijisifu, nasema tu. Mchungaji kaja mafuta yangali yanachemka. "Mzee Safari, si wewe ulifika Ugiriki?" Nikasema nimeishi. Meli yetu ilitia nanga pale, nikashuka alasiri moja. Kuishi ni kuishi. Ataka Jumapili nieleze kanisani neema na amani kwa Kigiriki, vile mitume walivyoanza barua zao. Nilikubali kabla hajamaliza.

Kazungu kapita. Mdogo wangu wa tumbo moja. Hakuniamkia. Nami nikatazama mawingu. Tangu aliposema msibani, mbele za watu, kwamba Ugiriki sikuikanyaga, niliichungulia tu dirishani mwa meli, hatusemezani. Watu walicheka mpaka marehemu akasahaulika. Wa kuanza ni yeye. Mdogo ndiye atoaye shikamoo.

Jumanne, 5 Agosti
Sidi, mke wangu, kanikumbusha. Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja kumposa Dama, binti wa Kazungu. Bila baba mkubwa wageni hawasikilizwi. Nikasema nitaenda nikiamkiwa. "Basi mtoto na azeekee nyumbani kwa sababu ya dirisha la meli," akasema. Nina hasira. Dama nampenda sana.

Kigiriki nilicho nacho: kalimera ya kuamkiana asubuhi, efkharisto ya kusema asante, na tusi moja la mabaharia. Tusi halifai madhabahuni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimesoma kitabu cha mchungaji. Wagiriki wa kale waliandika hivi: jina la mwandishi, kisha la mwandikiwa, kisha khairein, yaani furahi, kama sisi tunavyosema salamu sana. Jina lako kwanza! Watu wa akili. Mitume wakaiweka kando khairein, wakatia kharis, neema. Kitu upewacho bila kukifanyia kazi. Ndipo ifuate eirene, amani, ile ile shalom ya Wayahudi. Neema mbele, amani nyuma.

Nikaruka kitini. Ef-kharis-to! Neema imo ndani ya asante yangu, miaka yote naitafuna kama ubani. Na mama wa bandarini aliyenipa mkate bure, sijafungua hata kinywa, jina lake Irini. Amani yenyewe, na aproni.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemsomea Athmani, fundi cherehani wa kibanda cha pili, mtu wa Lamu. Kacheka. "Amani sisi twapeana kila tuonanapo, ndugu yangu. Na kwetu mbora ni aanzaye." Nikamwambia mbora wa Gede anamjua, ni mimi. "Haya basi, anza."

Kiburi chake! Leo hakupata viazi.

Jioni nimempelekea. Vilikuwa vimepoa.

Jumapili, 10 Agosti
Suti ya kahawia. Kazungu benchi la mlangoni, mikono kifuani, angoja nianguke.

Nilianza vizuri. Kalimera iliwapendeza kina mama. Efkharisto nikaipasua vipande vitatu, wakapiga vigelegele. Kisha nikawaambia: wengine walioandikiwa barua hizo walikuwa wamemdharau mtume. Na bado aliyeanza ni yeye, mkubwa. Neema kabla hawajaomba radhi.

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mama Irini hakungoja nimwamkie.

Nikashuka madhabahuni, nikaenda mpaka mlangoni.

"Shikamoo, Kazungu."

Mdogo wangu! Kuku wa nje wakasikika. Naye, kwa mshtuko, akajibu: "Marahaba."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Mchungaji akaishikilia mimbari. Kazungu kafunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Chake sijui kama kilikuwa kicheko. Mimi nililia.

Jumatatu, 11 Agosti
Kazungu kaja kabla sijawasha jiko. Shikamoo mfululizo, kufidia ile ya jana, mpaka nikamwambia yatosha. Akakaa, akamenya viazi. Anamenya vibaya, maganda manene.

"Kaka, kweli ulishuka?"

Alasiri moja, nikamwambia. Na mkate.

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza Jumamosi nitavaa suti ile ile. Ile ile.

Nimempa viazi vya kwanza kutoka kwenye mafuta. "Efaristo," kasema. Kakosea.

Nimemwacha ale.