Kwa Mchapaji wa Nyuso, Aliyetuachia Kila Uso Ila Wake

Leo mshonaji alikuwa mlangoni kwa dobi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkono kiunoni, akimwambia mbele za watu kwamba wewe ulikufa mara mbili, na mara ya pili aliyekuua ni yeye dobi. Dobi akajibu kama siku zote: nyumbani kwetu hajawahi kuingia bila kuitwa. Mshonaji akamuuliza, basi ile chupa ya dawa ya madoa ilikwenda kwa miguu yake? Watu wakacheka. Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, mdogo wangu, na ugomvi huu haujaisha.

Ulikuwa mtu wa nyumba iliyojaa. Ulichapa picha za makopo ya maziwa, sabuni za mche, kandambili na nyuso zetu, kila kitu mara nne, kwa rangi za kuumiza macho, mpaka wakubwa wa majumba ya sanaa wakaja kutoka mbali na kuvua viatu sebuleni kwa Mama. Mshonaji ulimpa pua ya zambarau. Alinuna wiki nzima. Picha ilipotoka gazetini, akawa anatembea na gazeti hilo hata chooni.

Ulivuta wino juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye fremu huku ukipiga mluzi, na mwenye sura yake ulimwita kwanza. "Njoo ujione ulivyo mzuri," ulimwambia. Wengi hawakuwahi kuambiwa hivyo na mtu mwingine.

Wewe mwenyewe uliikimbia kamera kama mbuzi anavyoikimbia mvua. Mama alipolalamika, ukamwahidi uso wako. Ukauchora, ukaugandisha kwenye kitambaa cha fremu ya mwisho, ukasema utauchapa Jumamosi. Alhamisi moyo ukasimama.

Unanijua, neno halilali mdomoni mwangu. Hili limelala mwaka mzima.

Asubuhi ya msiba, wengine hawajaamka, niliona sebule uliyochapia imetapakaa wino, na wageni wakiwa njiani. Nikaona aibu. Nikaazima dawa ya madoa kwa dobi, nikasugua sakafu, nikasugua meza, nikaisugua na ile fremu kwa kuwa niliiona chafu. Nilisugua mpaka kitambaa kikawa cheupe, nikasimama nikajisifu. Alasiri Mama akaomba aonyeshwe uso wako. Wakaikuta fremu tupu, na pembeni chupa ya dobi. Mshonaji akasema dobi ndiye aliyekufuta. Mimi nikanyamaza.

Wateja wakahamisha nguo zao. Mama akaacha kuitikia salamu ya dobi. Dobi alijua vizuri ni nani aliyeiazima ile chupa, na hakunitaja hata siku moja.

Kila asubuhi Mama huiinua fremu dirishani, anaigeuza huku na huku, ananiuliza kama naona walau kivuli cha sikio. Hakuna, mdogo wangu. Nimetazama mpaka macho yamevimba. Hakuna kitu.

Leo nimeshindwa. Nilitoka nikawaambia wote waliokuwa mlangoni kwa dobi kwamba ni mimi. Mshonaji akakaa chini pale pale. Mama alinitazama kutoka kizingitini kwetu, akarudi ndani. Nikamuuliza dobi kwa nini alivumilia.

"Dada, wewe ulikuwa umefiwa," akasema. "Mimi nilipoteza wateja tu."

Tunaokukumbuka ni Mama yako, mimi dada yako niliyekufuta, mshonaji wa pua ya zambarau, na dobi, ambaye jina lake tunalisafisha hapa mbele ya kila asomaye. Kukusahau hatutaweza kamwe, ijapokuwa sura yako inatuponyoka kidogo kidogo, leo nyusi, kesho kidevu, na sina cha kuizuia.

Nilibaki nje, nikiuegemea ukuta wa nyumba niliyozaliwa, nisijue kama bado ni yangu. Ndani sahani zikalia. Mama akatokea mlangoni, akampitia macho kila mtu mpaka akamfikia dobi.

"Mwanangu, ingia ule," akamwambia. "Na huyo dada yako mlete."