Mayai ya Relámpago

Shoga, unaikumbuka ile relei, kile kiswichi cha kupanga muda ambacho mume wangu Radhamés alijigamba nacho? Aliifunga kwenye mashine ya Baba ya kutotolesha.

Mayai kumi na mawili. Uzao wa mwisho wa Relámpago, yule jogoo wa Baba wa kupiganisha aliyefia ulingoni.

Yalitakiwa yageuzwe kila baada ya dakika 120. Radhamés akaweka 120, asiwashe zile alama za nukta kwenye kioo chake zinazoifanya ihesabu dakika. Bila nukta inahesabu sekunde. SEKUNDE, Yocasta. Siku ishirini na moja mayai yanabingirishwa kila baada ya dakika mbili.

Leo sancocho, ile supu nzito ya nyama na mihogo, iko mezani, ukoo mzima upo. Baba anayavunja moja moja kwenye bakuli. Viza. Viza. Viza. Kila likipasuka anamuuliza, "Fundi, huyu tumwite nani?"

Radhamés kainama tu. "Nisamehe, mzee."

Alipovunja la mwisho, Baba akafuta vidole, akalitazama tumbo langu. "Miaka sita namlaumu binti yangu hazai. Kumbe fundi ni huyuhuyu."

Watu wakavunjika mbavu.

Yocasta, aliyetangulia kucheka ni mimi. Mimi, ambaye daktari alisema shida ni yangu.

Na Radhamés, anayejua, akaendelea kula.