Utepe wa Bawa la Kushoto

Chumba Na. 7,
Nyuma ya karakana ya ndege.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Magoti yanakupandisha ngazi siku hizi, au bado unawatuma wengine juu huku wewe ukishikilia chini? Na Bibi, presha imetulia? Mimi mwili ni mzima, ila moyo una walakini.

Nasikia barua yangu ya mwezi uliopita, ile niliyojisifu mpaka karatasi ikajaa, umeibandika ukutani kwenye duka lako la umeme. Ndiyo maana nakuandikia kwa aibu.

Wewe fundi wa nyaya utanielewa haraka. Ndege ikiwa angani haina ardhi ya kushushia umeme. Kwa hiyo kila kipande chake huungwa na mwili kwa utepe wa waya wa kusuka, ili radi ikipiga umeme upite bila kuruka cheche. Niliagizwa kubadilisha utepe mmoja uliochakaa, bawa la kushoto.

Kushoto kwa ndege ni kushoto kwa rubani anayetazama mbele. Hata namba husema: sehemu za bawa la kushoto huanza na tano, za kulia na sita. Mimi nilisimama mbele ya ndege nikiitazama pua yake, nikafuata kushoto kwangu. Nikang'oa utepe wa kulia usio na kasoro, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga mpya. Sita ilikuwa mbele ya macho yangu, wala sikuisoma.

Mkaguzi wetu, tunayemwita Mzee Nati, alipaswa kupanda kuangalia. Aliniuliza tu, "Umefunga vizuri?" Nikamjibu, "Chuma kwa chuma, Mzee." Akagonga muhuri akiwa chini.

Kosa liligunduliwa kesho yake, ndege haijatoka. Kikaoni Mzee akasema, "Upande ule nilimwonyesha mimi." Haikuwa kweli, Mjomba. Alikuwa ananikinga, nami nikatazama viatu vyangu. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimweleza mkuu wa kazi kila kitu, lakini Mzee alishanyang'anywa muhuri wake. Jana wakati wa chai alinisogezea kiti, nikashindwa kuketi.

Nisalimie Bibi, na dada yangu mkubwa na wanawe. Mungu ailinde mikono yako.

Ile barua ya kujisifu usiibandue. Bandika hii juu yake.

Mpwa wako akupendaye,
ambaye kwa sasa usimwite Injinia.