Chuma cha Mguu wa Baba

Shenyang, 3 Machi 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo, wewe na baba. Mimi mzima, ila kazi inanimaliza. Usaha wa mguu wa baba umepungua? Wakitoa kile chuma cha zamani, chetu cha hapa maabara kiko tayari kwa majaribio. Tumekitengeneza kwa kufuata picha za mguu wake, hakimfai mtu mwingine. Ni magnesiamu iliyotiwa shaba kidogo: shaba inaua wadudu, kisha chuma chote kinayeyuka mwilini huku mfupa ukiunga. Kasi ya kuyeyuka tunaipanga kwa afya ya mtu. Kwa hiyo nauliza tena, baba hana sukari? Mwenye sukari huchelewa kuunga, chuma kitaisha kabla.

Mwanao, Ruizhen

Kijijini Liujia, 12 Machi

Mwanangu Ruizhen,

Marahaba. Hatujambo sote. Baba yako buheri wa afya, sukari aitoe wapi? Wamempima hospitali, damu safi. Anamtangazia kila mtu kwamba atawekewa chuma cha binti yake, mpaka muuza tofu anaonyeshwa kidonda. Nimemwambia, "Funika huo mguu, mzee, watu wanakula." Simu imeharibika, tuandikie tu.

Mama yako

Shenyang, 20 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya tangu Juni? Picha za mwisho, tangu awekewe chuma chetu, hazikuonyesha usaha hata kidogo, nikalia kwa furaha. Oktoba nasimama mbele ya wakaguzi watakaoamua kama chuma chetu kitatumika. Baba anatembea? Nije?

Mwanao, Ruizhen

Liujia, 1 Septemba

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako anakusalimu, yuko shambani anavuna mahindi. Usije. Maliza kazi yako.

Mama yako

Liujia, 28 Oktoba

Mwanangu Ruizhen,

Nimesikia umepita. Hongera. Sasa naweza kukuambia, kaa chini kwanza.

Baba yako tulimzika tarehe tisa Agosti. Mguu ulivunjika tena, damu ikaganda na kupanda mapafuni. Daktari wa huku alisema usaha haukuwepo, ila chuma kilikuwa kimekwisha na mfupa bado. Sukari alikuwa nayo miaka sita. Wiki ya kupimwa alishinda na njaa, akameza vidonge vya kuishusha. Alisema, "Wakijua watanitoa kwenye majaribio, na mtoto atakosa usingizi. Habari mbaya haipelekwi kwa mtoto." Nikanyamaza.

Simu haikuharibika. Ungenijua kwa sauti kwamba nadanganya.

Mama yako

Shenyang, 5 Novemba

Mama,

Ningejua, ningekifanya kinene zaidi, kiyeyuke polepole. Ni kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja, mama, na baba angekuwa hai. Mlinificha ugonjwa wake, ukanificha na kaburi lake, nami nikasimama pale nikipigiwa makofi. Nina hasira na sina wa kumkasirikia ila wewe, na wewe ndiye pekee niliyebaki naye. Niambie uko vipi. Usiniandikie hatujambo.

Ruizhen

Liujia, 14 Novemba

Mwanangu,

Sili. Nalala upande wake wa kitanda, na usingizi hauji. Juzi nilianguka uani, nikakaa pale chini mpaka jirani akapita. Naogopa kukaa humu peke yangu. Njoo.

Mama yako