Simu Niliyoiacha Mezani

Mke wangu,

Chai iko kwenye chupa, sukari usiongeze, nimeshatia. Fundi bomba akija, mwonyeshe sinki.

~~Hii simu mpya irudishe dukani leo.~~ Hapana. Iache hapo hapo, wala usiizime.

Ile ya kwanza tuliyojaribu ilikoroma kwenye vifaa vyangu vya kunisaidia kusikia, ya pili ikakataa kuunganika kabisa. Hii muuzaji aliisifu kwamba ukiiacha mezani, inakuletea masikioni maongezi ya ndani hata ukiwa nje. Nikadhani ni maneno ya biashara tu.

Leo asubuhi nikaiacha mezani, nikatoka kumwagilia maua. Nikakusikia unamuuliza binti yetu kama amelala salama. Ukamwambia baba yake sasa ana simu ya kijana na masikio ya mzee. Kisha ukanyamaza, nami nikafunga maji nisikilize.

Ukacheka, kama mtu aliyejibiwa.

Miaka sita tangu tumzike nimedhani asubuhi huwa uko peke yako hapo mezani. Ndiyo maana leo nimeondoka bila kuaga, nisiwakatize.

Nikirudi jioni, niambie alijibu nini.

Baba yake