Hita Ilipopuliza Baridi

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Ikuti hatujambo, mvua tu haituachi. Unauliza kama inatosha kuzima kiyoyozi injini inapochemka. Haitoshi, mama. Simama.

Enzi za Ujamaa, baba yako akiwa mchanga, alizidiwa na homa. Baba mkwe wangu alitukimbiza hospitali ya Igogwe kwa gari la kijiji, hita imewashwa. Ghafla ikapuliza baridi miguuni kwangu. Hita hupata joto kwa maji ya injini; ikipoa ghafla, ujue maji yamekwisha. Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, wala baba mkwe hasemi naye. Niliogopa kusema, nikaogopa zaidi kukwama njiani na mtoto anayeungua.

"Baba, hita imepoa!"

Akafunga breki. Rejeta ilikuwa kavu, tungeua injini. Tulingoja ipoe, akajaza maji, tukawahi hospitali. Pale akaugeukia ukuta, akasema: "Mwambieni yule mama asinyamaze tena."

Bibi yako