Mshirika wa Tatu

12 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo, wifi hajambo, na watoto wamepona mafua? Sisi huku wazima, ila goti langu la kulia, lile la kukanyagia cherehani, linanisumbua tangu mvua zianze. Nakuandikia badala ya kukupigia simu, na nimefanya makusudi. Kwenye simu una maneno matamu mno, na ukishakata sibaki na kitu cha kusoma tena.

Jumapili tulipata mhubiri mgeni, mchungaji mmoja mnene mwenye sauti kubwa. Vijana wa kwaya walishampa jina la Kengele kabla hajamaliza sala ya kufungua. Akatangaza kwamba anasoma pamoja nawe ile shahada ya uzamili ya theolojia, ya wachungaji walio kazini, akanisimamisha nipigiwe makofi kwa kuwa na ndugu msomi. Nikasimama, nikacheka, nikakaa.

Kisha akahubiri juu ya moyo mgumu na akatoa mfano. Mwanamke mmoja mumewe yuko mahututi hospitalini. Muuguzi anatoka nje kumwambia, mumeo anakuita, ingia. Mwanamke yuko kwenye benchi anamenya chungwa. Anamaliza kumenya, analila kipande kwa kipande, anafuta mikono, ndipo anaingia. Anakuta mtu ameshakata roho. Kanisa zima likaguna, na mimi nikaguna nao, maana nisingeguna ningeonekana.

Nakuuliza kwa upole: mfano huo ameutoa wapi?

Dada yako

24 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia mko wazima. Hilo goti likande kwa maji ya moto, usilidharau. Watoto wamepona, mafua yamehamia kwangu.

Kengele ni mtu wa watu, nafurahi mlimpokea vizuri. Mimi masomo nayasoma kwa kuiba muda. Jumatatu iliyopita nilikuwa na mazishi, Jumanne darasa la kipaimara, Jumatano wazee wa kanisa walikaa saa tano wakibishana juu ya paa, na katikati ya hayo nina kurasa mia mbili za historia ya kanisa na mtihani wa Kigiriki. Kigiriki kimenitoa jasho, dada. Kuna vitenzi vinavyogeuka sura mpaka huwezi kujua vilianzia wapi. Machi nitakwenda chuoni kwa wiki sita kama kila mwaka, na mwinjilisti atanishikia usharika. Baraza limeshaahidi kwamba nikihitimu mwaka huu nitapelekwa kufundisha wainjilisti, jambo ambalo umeniombea siku zote.

Ule mfano usikusumbue. Wahubiri tunaazimana mifano, na huo utakuwa umetoka kwenye kitabu fulani.

Mdogo wako

2 Februari

Mdogo wangu,

Pole na mafua. Goti nimelikanda, bado.

Nimeipima barua yako kama ninavyopima kitambaa. Kigiriki na vitenzi vyake vimepata nafasi ya kutosha, paa la kanisa nalo limepata lake, chungwa limepata mistari miwili. Tangu utotoni, ukishalamba sukari ya mama ulikuwa unaingia ndani na kuanza kueleza habari za shule.

Basi niseme wazi. Mwanamke yule ni mimi, na habari ile tuliijua watu wawili. Muuguzi aliona mtu amechelewa kuingia tu, hakujua kwamba nilisikia vizuri na nikaamua. Marehemu alituacha miaka saba, akarudi kwangu nguvu zilipomwishia, nikamuuguza miezi minne nikidhani kinyongo kimekwisha. Siku ile aliponiita niliona zamu yake ya kusubiri imefika. Hilo nilikuambia wewe peke yako, miaka minne iliyopita, kwenye chumba changu cha kushonea, mlango umefungwa. Sikukuambia kama mdogo wangu tu, nilikuambia kama mchungaji.

Sasa kila mtu namtazama kwa jicho la pembeni. Mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono Jumapili muda mrefu kuliko kawaida yake, chakula cha mchana kikanishinda. Namfikiria vibaya hata wifi, ambaye hajanikosea kitu. Wanangu niliwaambia baba yao alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Wakisikia vingine, sijui nitawatazama vipi.

Nijibu neno moja tu. Ulimwambia mtu, au hukumwambia?

Dada yako

20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kazi zimenizidi, na pia, nikiwa mkweli, barua yako imeniumiza.

Nina miaka kumi na sita ya uchungaji. Sijamwambia mtu. Mke wangu hajui lolote. Ukitaka maoni yangu, mtafute yule muuguzi, kwa kuwa watu wa hospitali nao wana makanisa yao na wana midomo. Au pengine ulimwambia mtu ukasahau, maana wakati wa msiba hukuwa na usingizi na ulikuwa unaongea sana.

Naomba tuliache jambo hili. Machi ikianza tu nakwenda chuoni. Usiniandikie huko kuhusu habari hizi, barua zote hupitia ofisini.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili wangu mzima. Nakuandikia chuoni ulikonikataza, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili kwa ajili ya hao wa ofisini.

Muuguzi nilimtafuta kama ulivyonishauri. Amestaafu, macho yamefifia, na hakunikumbuka hata kidogo. Alinikaribisha kiti akaniuliza ni mgonjwa gani nimemleta.

Kengele naye, kabla hamjaondoka, alikuja nimshonee joho la kuhubiria. Nikampima mabega, nikamsifia mahubiri, nikamwambia natamani kuona kazi za ndugu yangu maana yeye ni mnyenyekevu mno, hatuonyeshi. Mtu yule mdomo wake hauna kufuli. Akanieleza kwamba kila mmoja wenu huleta darasani mazungumzo yake na mshirika, yaani muumini wa usharika wake, yameandikwa neno kwa neno, jina limefichwa, na wenzake huyajadili kwa kiapo kwamba hayatoki chumbani. Yako ndiyo yaliyopata alama ya juu kuliko ya wote. Nilimkumbusha kiapo, akacheka akasema ndugu si mtu wa nje, akafungua begi akaniachia nakala yake mpaka joho liwe tayari. Hakujua ananipa nini, maskini. Alikuwa ameinua mikono nimpime kifua.

Kumbe naitwa Mshirika wa Tatu. Umenifanya muuza mboga wa miaka sitini, kumi umeniongezea bure. Benchi umeliacha na chungwa umeliacha.

Nilijiandaa kukasirika, na ukurasa wa kwanza na wa pili nilikasirika vizuri. Wa tatu ndio ulionishinda. Umeandika hivi, nanakili:

"Mshirika wa Tatu: Nilisikia akiniita. Sikutaka kwenda.

Mchungaji (akimshika mkono): Mama, Mungu hakuwa kule ndani na mgonjwa peke yake. Alikuwa pia nje, ameketi na wewe kwenye benchi, na hakukuharakisha."

Nilipasoma hapo nikalia mpaka mteja akaondoka na suruali yake haijapindwa. Nikarudia kusoma, nikalia tena. Kisha nikaikumbuka siku yenyewe. Hukunishika mkono. Uliangalia saa, ukasema tuombe, ukaomba sala kama ile ya kufungia kikao, ukachukua begi. Nikakusindikiza mpaka kituo cha basi na njia nzima ulinieleza habari za paa.

Maneno yale hukuniambia. Miaka minne nimekaa na jambo hili bila mtu kunijibu, na jibu lilikuwa kwako. Ukampelekea mwalimu akupe alama.

Kutoa siri yangu ni kosa na nitakusema kwa hilo. Kunidanganya kwa barua ni kosa pia. Lakini hili lingine sijui hata linaitwaje.

Mshirika wa Tatu

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Ni kweli yote. Nilikudanganya, na yule mama mstaafu nilimsingizia. Nimeandika barua hii nikiwa nimejifungia maktaba.

Siku ile chumbani kwako nilikuhukumu. Shemeji ndiye aliyenifundisha kufunga tai, na ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya kubarikiwa kwangu kuwa mchungaji. Hata alipokuacha nilikuwa nakutana naye, sikukuambia. Uliposema ulibaki kwenye benchi nilimwona yeye kitandani, wewe sikukuona. Niliomba haraka ili nisije nikasema kitu kibaya, nikajiambia nimekuhudumia.

Mwaka jana mwalimu alituagiza tuandike mazungumzo yaliyotushinda. Nikaandika yetu kama yalivyokuwa, pamoja na saa na begi. Nikaona aibu kuyasoma mbele ya wachungaji kumi na wawili. Nilikaa na karatasi siku tatu, na ndipo kwa mara ya kwanza nikakuona wewe, umekaa pale nje peke yako na miaka saba yako. Maneno yakaja. Nikafuta niliyosema nikaweka hayo. Yakasifiwa, mmoja akatoa leso. Baada ya hapo ningekuambiaje? Ningekuletea kitu ambacho wageni walishakipokea.

Jumatano nilikwenda kwa mwalimu wetu, mama mmoja mtaratibu asiyepandisha sauti, nikamweleza kwamba mshirika hakunipa ruhusa na kwamba jibu langu ni la kutunga. Sikutaja jina wala undugu. Alivua miwani akaniuliza, "Na mwenyewe umemwambia?" Nikamjibu kwamba mwenyewe ndiye aliyeniambia mimi.

Kazi imefutwa. Nakala zote zimekusanywa isipokuwa hiyo iliyo kwako. Mwaka huu sitahitimu, na baraza limeandikiwa, kwa hiyo ile nafasi ya kufundisha imekwenda. Kengele ameonywa mbele yetu na ameapa hatautoa mfano huo tena. Hajui ni wewe, na kwangu hatajua.

Nisamehe, dada. Wiki sita zinaisha tarehe 14. Naomba nipite kwako Jumamosi ya tarehe 16, kabla sijarudi usharikani.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Marahaba, nimeitikia. Goti limetulia kidogo.

Kwa hiyo ulinihukumu. Afadhali nimejua, miaka yote hii nilidhani ulikuwa umechoka na safari. Na mlikuwa mnakutana. Hilo limeniuma kuliko nilivyotarajia, nitakuambia tukionana.

Shahada yako imenihuzunisha, usidhani nashangilia. Niliiombea kwa magoti yote mawili. Nakala ya Kengele nimeichoma jikoni, joho lake nimemaliza, nitamwambia karatasi zililowa. Mwenyekiti wa akina mama nilimuuliza mwenyewe kwa nini ananishika mkono vile. Kumbe alikuwa anataka nimpunguzie bei ya sare.

Barua yako ni nzuri, na hapo ndipo inaponitia shaka. Nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipofuta. Mtu akishaandika jibu zuri la uongo mara moja, hata akisema kweli unamgeuza kama noti. Sikutukani, nakueleza nilivyo. Nimejaribu kukuamini nikiwa na karatasi mkononi na nimeshindwa.

Njoo tarehe 16. Usije na kola ya uchungaji wala daftari. Wanangu nitawaita, na nitawasimulia kifo cha baba yao kama kilivyokuwa, mimi mwenyewe, kabla hawajakisikia kwa mtu mwingine. Nataka uwepo. Yale maneno ya benchi usiyaseme. Ni mazuri na nimeyashika kichwani, lakini nimeshayasoma.

Wakinigeukia, usinitetee. Usiombe. Kaa tu upande wangu mpaka nimalize.

Dada yako